Karatasi za Askari, kutoka Kawangware 56 hadi Makina

Ukimuuliza mtu wa Kawangware babu yake alikuwa wapi mwaka wa 1954, kabla hajakujibu atataka kujua unatafuta ploti ya nani. Nimeshazoea. Pale kituo cha 56, matatu zinapomwaga abiria katikati ya vibanda vya mitumba na akina mama wa chapati na madondo, mtu mwenye daftari na maswali ya ukoo huonekana kuwa mmoja kati ya wawili: ama dalali wa ardhi, ama mjumbe wa wakili. Mzee mmoja anayeuza makaa karibu na steji aliniambia bila kuzunguka: "Kijana, hapa watu wameshtakiana mpaka mashahidi wakafa. Kama ni mambo ya shamba, mimi sijui kitu. Na kama ni mambo ya vita, pia sijui, kwa sababu hayo nayo ni mambo ya shamba."

Halafu akanisogezea mtungi wa kukalia na tukaongea saa nzima.

Nilikuwa nimekuja kutafuta maisha ya askari wa kawaida wa vita vya Mau Mau. Wakubwa nimewaacha makusudi. Dedan Kimathi ana mtaa katikati ya Nairobi na sanamu iliyozinduliwa mwaka 2007. Waruhiu Itote, yule Jenerali China aliyekuwa amepigana Burma na KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waafrika, kabla ya kuingia msitu wa Mlima Kenya, alijiandikia kitabu. Ninayemtaka mimi ni kijana aliyeficha risasi tatu ndani ya mfuko wa unga akavuka mto usiku, na mwenzake wa kilima hicho hicho aliyekuwa amesimama juu ya mnara wa kijiji akimngoja na mkuki. Wakati mwingine hao wawili walinyonya ziwa moja.

Shuleni tulifundishwa kwamba vilikuwa vita vya Mwafrika na Mzungu. Kwa kutazama nani alikuwa na nchi na nani aliitaka, ni kweli. Lakini walowezi wa Kizungu waliouawa katika kipindi chote cha hali ya hatari, yaani miaka ya vita hivyo, ni 32. Usiku mmoja tu, tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, makumi ya Wakikuyu, wengi wao wanawake na watoto wa familia za watiifu kwa serikali, walichomwa na kukatwa na Wakikuyu wenzao, kisha kisasi kikaua wengine wengi kabla vumbi halijatua. Homugadi, yaani walinzi Waafrika waliokuwa upande wa serikali, ambao Wakikuyu waliwaita ngati, walifika zaidi ya 25,000 wakati jeshi lao lilipokuwa kubwa kabisa. Mwanahistoria Daniel Branch alichapisha mwaka 2009 kitabu chenye maneno "vita vya wenyewe kwa wenyewe" kwenye jina lake, na wasomi wakabishana. Muuza makaa wangu hakuona cha kubishania.

Kwa yeyote anayetaka kufanya kazi hii, safari huanzia mjini, Moi Avenue, kwenye jengo la Makavazi ya Kitaifa ambalo zamani lilikuwa benki. Nusu ya Nairobi huahidiana kukutana nje ya mlango wake. Ndani, chini kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, na kuna chumba cha kusomea ambako unajaza karatasi ya kuomba faili na kungoja iletwe. Nimekaa sana humo, na nilichojifunza ni kwamba askari wa kawaida haandikwi akiwa askari. Anaandikwa akikamatwa. Mpiganaji wa msituni anaingia kwenye faili siku anaposimama mbele ya hakimu na bunduki aliyoitengeneza mwenyewe: kipande cha bomba la maji, komeo la mlango, ukanda wa mpira wa kuvuta komeo ligonge risasi. Kitu cha namna hiyo kilikuwa na uwezekano mkubwa wa kumlipukia mwenye kukishika kuliko kumfikia adui, lakini kwa sheria za hali ya hatari kilitosha kumpeleka kitanzini. Hata risasi peke yake ilitosha. Walionyongwa walikuwa 1,090, na kwa wengi wao ushahidi wa kortini ndio mahali pekee sauti yao ilipoandikwa, tena kwa kupitia mkalimani na kwa kalamu ya anayewahukumu.

Homugadi naye anaonekana kwa nadra: posti yake imevamiwa, bunduki imepotea, au amepiga watu kupita kiasi hadi mmisionari akaandika barua. Na wote wawili wanaitwa kwa mtindo mmoja, fulani mwana wa fulani, huku ofisa wa wilaya akiwa na jina lake lote na cheo chake. Ukisoma kwa saa kadhaa unaanza kuchanganya nani alikuwa upande gani.

Kuna faili nyingine ambazo hazikubaki Nairobi. Waingereza walipoondoka walizifunga na kuzisafirisha, na miaka mingi baadaye, mwaka 2011, kesi ya wazee wa Kenya waliodai kuteswa wakati wa vita, huko London, ikawalazimisha kukiri kwamba zipo Hanslope Park, Uingereza, masanduku karibu 300. Kesi ile iliishia Juni 2013 kwa fidia ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Masanduku hayo yanaeleza zaidi wakubwa walijua nini na lini. Kuhusu yule kijana alikula nini asubuhi ya kwanza msituni, hayasemi kitu. Kwa hilo lazima upande matatu.

Kawangware ya leo ni Nairobi kabisa, lakini wakati wa vita eneo lote la Dagoretti lilikuwa sehemu ya wilaya ya Kiambu, nchi ya Wakikuyu iliyopakana na jiji. Lavington, upande wa pili, kulikuwa na Wazungu na kahawa ya misheni. Mpaka huo ndio uliompa mtu wa hapa kazi katika vita. Nairobi ndiko zilikotoka dawa, nguo, fedha, risasi na vijana wapya, na vyote hivyo vilipita katika vijiji kama hiki kuelekea kaskazini, kwenye msitu wa Nyandarua. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ilizingira jiji zima katika operesheni iliyoitwa Anvil. Watu walipangwa mistari mbele ya gakunia, yaani mtu aliyevalishwa gunia lenye matundu mawili ya macho, ambaye alitikisa kichwa tu. Zaidi ya 20,000 walipelekwa kizuizini, wengi kupitia Lang'ata hadi Manyani na Mackinnon Road. Mwaka huo huo Wakikuyu wa mashambani walianza kung'olewa makwao na kuhamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Zaidi ya watu milioni moja waliishi hivyo.

Mjukuu wa muuza makaa alinipeleka kwa shosho mmoja, bibi kizee, nyuma ya barabara, ndani ya ua wenye vyumba vya mabati vya kupanga kila upande na nyaya za nguo juu. Ua wote ni wake. Alikuwa msichana anayekaribia kutahiriwa wakati handaki lilipochimbwa, na alilichimba yeye na mama yake na wanawake wa kijiji kizima, kwa sababu wanaume hawakuwapo. Kaka yake alikuwa msituni. Shemeji yake alikuwa ngati.

"Shemeji alipewa kitambaa cha kuvaa mkononi," alisema, akijifunga kidole juu ya kiwiko kunionyesha. "Wasimpige risasi kwa makosa. Na hakulipa ile kodi ya shilingi ishirini." Alizungumzia kodi maalumu iliyotozwa Wakikuyu, Waembu na Wameru kuanzia mwaka 1953 kwa kosa la kuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, na ambayo watiifu walisamehewa. Niliuliza kitambaa kilienda wapi vita vilipokwisha. Akacheka. Mama yake alikikata akaziba mdomo wa kibuyu cha maziwa.

Nilimuuliza kama waliogopana, kaka na shemeji.

"Mmoja alikuja na njaa mchana, mwingine usiku. Sisi tulikuwa na githeri ile ile." Kisha akasema jambo ambalo sijalikuta katika faili yoyote: kwamba shemeji, akiwa zamu, alikuwa akikohoa kwa nguvu kabla ya kugeuka upande wa mto, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini kikohozi hicho hakikumpata mchana. Sina namna ya kuthibitisha. Ninaamini, kwa sababu hakulisema kwa kumtetea mtu. Shemeji huyo huyo, alisema, alimpiga jirani yao mjamzito kwa kitako cha bunduki kwa kuchelewa dakika chache baada ya saa ya kutotoka nje.

Hapo ndipo vitabu vingi hunichosha. Vinataka kujua mtu alichagua upande gani na kwa imani gani, ilhali watu wa kawaida mara nyingi walijikuta upande fulani kwa sababu ya mahali walipolala usiku ule. Tarehe 18 Januari 1955 Gavana Baring alitangaza msamaha kwa wote wawili siku moja: mpiganaji atakayejisalimisha hatanyongwa, na homugadi hatashtakiwa kwa aliyoyatenda kabla ya siku hiyo. Kwenye karatasi walikuwa sawasawa. Tofauti ilikuja kwenye ardhi. Wakati wanaume wa upande mmoja wamefungiwa Manyani, serikali iliunganisha vipande vya mashamba na kuvipima upya, na walioketi katika kamati za kupima walikuwa watiifu. Mtu alitoka kizuizini akakuta mti wake wa mpaka uko katikati ya shamba la mwingine, na huyo mwingine ana hati. Uhuru ulipofika, Mzee Kenyatta akasema wote walipigania uhuru, na jambo hilo likafungwa hapo. Chama cha Mau Mau kiliendelea kupigwa marufuku hadi mwaka 2003.

Hati hizo za Kiambu ndizo zilizozaa Kawangware tunayoijua. Jiji lilipokuja na wafanyakazi wake, aliyekuwa na hati alijenga vyumba kumi vya mabati, na aliyekosa akawa mpangaji, yeye au mtoto wake, pamoja na wageni waliotoka Magharibi na Nyanza na hata Kongo. Vurugu zilipolipuka hapa 56 Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, na vibanda vikachomwa, magazeti yaliandika ukabila. Ukabila ulikuwapo. Lakini shosho aliiona kwa njia nyingine: "Nyumba ya mwenye nyumba ndiyo huchomwa kwanza, au ya mpangaji. Hawachomi ya katikati, kwa sababu hakuna ya katikati."

Sikumuuliza yeye hati yake ilitoka kwa kaka au kwa shemeji. Aliniona nikilitafuta swali hilo mdomoni akaniagizia chai.

Kutoka 56 hadi Kibera, ambako nilikuwa nikienda kutafuta wajukuu wa askari wengine wa serikali, unaweza kuunganisha matatu, lakini mimi hupenda kuteremka kwa miguu kwa Naivasha Road, kupitia Satellite hadi Dagoretti Corner, ambako mafundi wa fanicha huanika makochi kando ya Ngong Road kama vile mvua haipo. Ukikata kulia ukafuata barabara hiyo kuelekea Karen utafika makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, nyasi zimekatwa vizuri, mawe yamesimama kwa mstari. Ni ya waliokufa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa Vita vya Kwanza, Waafrika waliopigana na kubeba mizigo hapa Afrika Mashariki walipewa sanamu ya pamoja mjini, ile ya mashujaa watatu wa shaba iliyopo Kenyatta Avenue tangu 1928, bila jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021 tume ya makaburi hayo ilikiri kwamba Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina. Mimi nilikata kushoto, nikapita Adams, nikaingia Kibera kwa upande wa soko la Toi.

Makina ni Kibera ya kwanza. Kabla ya mabati na reli kujaa watu, hapa palikuwa msitu na mashamba ya Wanubi, askari wa KAR waliostaafu, na jeshi lenyewe likafanya shabaha jirani. Wanubi nao walikuwa wametoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vya mbali na vya zamani zaidi. Wahenga wao walikuwa askari wa serikali ya Misri huko Equatoria, kusini mwa Sudan, wengi wakiwa wametekwa utumwani wangali watoto na kuingizwa jeshini. Mahdi, kiongozi wa kidini wa Sudan, alipoasi katika miaka ya 1880 na Khartoum ikaanguka, walikatika na dunia pamoja na gavana wao, Emin Pasha. Mvumbuzi Stanley alikuja kumwokoa Emin, akaondoka naye mwaka 1889, askari wakabaki. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, chini ya Selim Bey, akawaajiri kwa ajili ya Uganda. Miaka sita baadaye, kwa mshahara mdogo uliokuja kwa kuchelewa na safari zisizokwisha, sehemu yao iliasi na kuwaua maofisa wao huko Busoga. Waliobaki watiifu wakaingia KAR ilipoundwa mwaka 1902, na kuanzia 1904 wakaanza kupewa mahali pa kukaa Kibera, eneo lililokuja kupimwa karibu ekari 4,200.

Walipewa ruhusa. Hawakupewa hati. Ruhusa ilimtambua askari mwenyewe, haikuuzwa, na haikumkubalia ajenge kwa mawe. Tume ya Ardhi ya Carter ya miaka ya mwanzo ya 1930 ilikiri kwamba serikali ina wajibu kwao, kisha serikali ikaendelea kuuchukulia wajibu huo kama mgeni anayeombwa arudi kesho.

Haboba, yaani bibi kwa Kinubi, aliyenipokea karibu na msikiti wa Makina alikuwa amejifunga gurbaba, vazi la wanawake wa Kinubi, na ukutani kwake zimetundikwa tabaga, zile sinia za kusuka za kufunikia chakula, kubwa kwa ndogo. Alijua nimekuja kwa nini. "Wote wanataka kuona karatasi ya babu." Akaitoa kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne hadi mikunjo imekuwa matundu. Ilikuwa cheti cha kuachishwa jeshi. Jina moja tu, bila la baba. Namba. Kabila: Msudani. Tabia: nzuri.

Alinifundisha kitu ambacho hakuna karani aliyewahi kuniambia. "Ukirudi huko kwa mafaili, usitafute Mnubi. Utakosa. Tafuta Msudani. Na jina peke yake halikusaidii, maana Mzungu aliandika Farajallah kwa kila mtu. Shika namba." Ni kweli. Katika orodha za askari hao majina ya Farajallah, Rehan na Murjan yanajirudia ukurasa baada ya ukurasa.

Niliuliza kuhusu Mau Mau. Vikosi vya KAR vilipigana kuwasaka wapiganaji msituni. Idi Amin mwenyewe, aliyekuja kuitawala Uganda, alifika Kenya na kikosi cha nne cha jeshi hilo. Haboba akasema mumewe alikuwa jeshini wakati huo, na hakupenda kusimulia. Alichokumbuka ni kwamba baada ya Anvil, Kibera ilipokea watu waliojificha, na mama mkwe wake alimfundisha msichana wa Kikuyu kusema Kinubi kiasi cha kumjibu polisi mlangoni. Sijui mume angesema nini kama angalikuwa nyumbani usiku ule.

Akaniuliza nimetoka wapi asubuhi. Nikamwambia Kawangware.

"Huko walipewa hati?"

"Baadhi."

"Waliopigania serikali?"

"Wengi wao."

Alikaa akizungusha kijiko ndani ya chai. "Na babu yangu alipigania serikali gani?" Kisha akaanza kuzihesabu: ya Misri, ya Mwingereza Uganda, ya Mwingereza Kenya. Mwanawe alinyimwa kitambulisho kwa muda mrefu kwa kuulizwa athibitishe babu wa babu alizaliwa wapi. Ilibidi kesi ya watoto wa Kinubi ifike kwa kamati ya haki za watoto ya Umoja wa Afrika, ambayo Machi 2011 iliamua kwamba Kenya imewakosea. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hati ya pamoja ya ekari 288. Zilizobaki za zile 4,200 zimekuwa mitaa ya Lang'ata, Ayany, Olympic, Fort Jesus, na makazi ya mamia ya maelfu ya watu ambao nao hawana hati na hawakuwahi kuwa askari wa yeyote.

Mjukuu wake aliingia na fundi wakati tukiongea. Haboba anataka choo cha mawe, kilichosimama wima, cha kwanza katika ua huo tangu babu apande mwembe. Mjukuu anasema lazima wapate kwanza kibali cha wadhamini wa hati, maana ardhi ni ya jamii nzima. Fundi anasema saruji imepanda bei na mvua za masika zi karibu.

"Chimba," haboba akamwambia fundi. "Wadhamini watakuja wakikuta shimo."

Wakaanza kubishana upande gani wa mwembe.